Swali la Ukurasa wa Sita

Tuvær, 28 Mei 2018

Ingvill, binamu yangu, msomi wa ukoo,

Kwa taarifa yako, tangu juzi Chuo chenu hakiwezi kulala usingizi bila mimi. Usicheke. Nimeingia kwa mlango mkubwa, ule wa nguzo, buti zangu za vizimba vya kufugia samaki zikinuka samoni, na kufikia saa nane mchana nilikuwa mtu mzito kuliko mkuu wa chuo mwenyewe. Mkuu wa chuo amesaini fomu yako mahali pamoja. Mimi nimesaini manne. Niliacha shule nina miaka kumi na sita, mwalimu wa hesabu akanisindikiza hadi getini ahakikishe nimeondoka kweli, na leo roho ya msomi mmoja iko mikononi mwangu. Mwambie mwalimu huyo ukikutana naye.

Ulikuwa bado kwenye ile kozi ya msituni, ndiyo maana hatukuonana. Ni kweli wanajeshi wastaafu wanawafunga vitambaa machoni na kujifanya watekaji? Na mnalipia? Ungekuja huku, mimi na wenzangu wa vizimbani tungekuteka bure na supu ya samaki juu.

Aliyenipokea ni Bwana Aspelund, mshauri wa usalama wa safari. Ana uso wa chewa aliyesahaulika kichanjani msimu mzima, lakini ana adabu. Akanifungulia ramani. Nchi ya kijani, mwanafunzi aende. Ya njano, aende na fomu. Ya chungwa, fomu na kozi. Nyekundu, kama hiyo yako ya milima ya Pamiri, aende na fomu, kozi, bima, simu ya setilaiti, sahihi ya mkuu wa chuo, na mtu mmoja nyumbani atakayepokea simu saa yoyote. Yaani Sigve. Akaniuliza nina uzoefu gani wa dharura. Nikamwambia: mzee, mimi ndiye niliyemtoa huyo msichana kwenye ukungu alipopotea mlimani, nikiwa na miaka tisa. Nilisimama kwenye ukuta wa mawe wa bibi, nikaita wito wa kushushia kondoo hadi akatokea, gazeti likatoa picha yangu. Akaandika. Kaandika yote.

Ukurasa wa sita ndio mtamu. Mtu wa nyumbani anaandika swali moja ambalo jibu lake linajulikana ndani ya familia tu, na jibu, anatia bahasha, anaifunga. Wewe huonyeshwi. Ukipiga simu kwa namba wasiyoijua, wanakuuliza. Ukijibu sawa, ni wewe na uko salama. Ukikosea mara mbili, wanajua kuna mtu amekushikia kisu.

Niliandika hivi: Nani alimwita kutoka ukutani siku ya ukungu?

Nimekurahisishia, sivyo? Chini yake kuna mstari wa kuapa kwamba jibu ni la kweli, na Aspelund akanisomesha kwa sauti kama mtoto wa kipaimara. Nikamuuliza bahasha hizi hufunguliwa mara ngapi. Akasema ana miaka kumi na mmoja kwenye kiti hicho na hajafungua hata moja. Msafiri akirudi, inachanwa hivyo hivyo imefungwa. Basi nikaandika jibu. Kalamu yao mbovu, ilinichukua muda.

Niliporudi na kivuko nilipita kwa bibi. Nyumba imefungwa, ila ukuta umesimama vilevile. Nilikaa juu yake nikala mkate na jibini ya kahawia, kipande chako na kipande changu.

Nenda salama. Usile chochote chenye macho.

Sigve, Mlinzi Mkuu wa Watafiti


Bonde la juu, Pamiri, 17 Juni 2018

Mlinzi Mkuu,

Nimekula kichwa cha mbuzi na macho yake yote mawili. Nilipewa kwa heshima, ningefanyaje?

Barua hii itashuka na Davlat, mtoto wa mwenyeji wangu, anayekwenda gulioni kila wiki mbili. Huko kuna posta. Huku juu hakuna mtandao, kuna simu yangu ya setilaiti tu, nayo ni ya Chuo na si yangu: Jumatano na Jumapili, saa kumi na mbili jioni, natamka maneno mawili, "niko salama", nakata. Nikikosa mara moja wananitafuta. Nikivunja sharti moja, safari imekwisha, na hakuna mwanafunzi mwingine atakayeruhusiwa kuja bonde hili kwa miaka mitatu. Nimesaini hayo kwa mkono wangu, kwa hiyo usinichekeshe kwenye simu ukipata namba.

Mwenyeji wangu ni Bibi Nozanin. Ana miaka themanini na moja, ana meno manne, na Sigve, anaita. Jioni ya kwanza alitoka mlangoni, akaweka kiganja shavuni, akatoa sauti ile, ndefu, inayopanda halafu inavunjika juu kabisa, na mbuzi wakaanza kushuka kutoka majabali ambayo sikujua yana mbuzi. Nililia, mimi niliyevaa kinasa sauti shingoni kama mtaalamu. Ilikuwa bibi yetu Borghild mtupu. Wimbo mwingine, lakini ule mvunjiko wa juu ni uleule.

Ila wito mkubwa hauitwi sasa. Unaitwa siku moja tu kwa mwaka, mwezi Septemba, mbuzi wote wa bonde wakishushwa kabla ya theluji. Amenikubalia niurekodi, mimi wa kwanza, na anasema mwakani hadhani atakuwa na pumzi. Kwa hiyo maisha yangu yote ya usomi yanangoja Septemba. Niombee simu isiharibike.

Unakumbuka Septemba zetu? Kondoo mia mbili wakishuka Tuvær, mvua ya pembeni, maandazi ya iliki kwenye mfuko wa koti la bibi yakiwa yamebanwa kama karatasi. Kila nyumba na wito wake, na kondoo hawakosei nyumba. Usiku huku nawaza siku ile ya ukungu. Nilikuwa nimekaa chini, nimekwisha kukata tamaa, miguu siisikii, halafu wito wa nyumbani kwetu ukaja kutoka chini. Ukakoma, ukaja tena. Nilitembea ndani yake kama mtu anayeshika kamba. Na kwenye ukuta, wewe, kofia imekuziba macho, makamasi hadi kidevuni.

Bibi Nozanin aliniuliza kwetu nani ananiita. Nikamwambia binamu yangu. Akauliza, na baba? Nikamwambia baba yangu hakuwa mtu wa kutoka nje kumtafuta mtu. Alitafutwa yeye, kwenye baa. Hata mazishini kwake sikwenda, nikamwambia, na aliyenipa ruhusa ya kutokwenda ni huyohuyo binamu. Akanimiminia chai ya maziwa na chumvi.

Kuhusu swali lako la bahasha: mtoto wa chekechea angelijibu. Lakini kumbuka una deni. Miaka minne nakuomba uniitie ule wito niurekodi kwa ajili ya tasnifu, na miaka minne una mafua.

Wako,
Ingvill


Tuvær, 8 Julai 2018

Ingvill,

Barua yako imefika ikinuka moshi, nimeiweka kwenye dirisha la boti wenzangu waone kwamba naandikiwa kutoka ng'ambo. Nimewaambia ni mchumba. Samahani.

Habari za hapa: nimekuwa kiongozi wa kizimba namba tano. Samoni laki moja na elfu sitini, na wote wananitii, tofauti na watu wa ukoo wangu. Kivuko kimebadilishwa ratiba, mama amegombana na jirani kuhusu uzio. Mafua yangu, ahsante kwa kuuliza, bado.

Nyumba ya baba yako imeuzwa kwa Mjerumani mmoja anayependa ndege. Tulikwenda kuiondolea mizigo Jumamosi, watu kumi na wawili, kwa kujitolea, na kahawa kama kawaida. Hakukuwa na vitu vingi. Kabatini nilikuta kopo la kahawa lenye picha zako za shule, za kila mwaka, darasa la kwanza hadi la mwisho. Mama anasema baba yako alikuwa akimwomba picha hizo. Nimekuwekea. Wala sisemi ufanye nini nazo.

Jambo lingine, dogo tu. Lile swali la bahasha. Wakikuuliza, na hawatakuuliza, usitaje jina. Sema umesahau, wampigie Sigve. Aliyesahau hajakosea, nimelifikiria hilo vizuri, wataniuliza mimi na mimi nitalimaliza. Usiniulize kwa nini. Mlinzi Mkuu ana siri zake za kazi.

Ningekupigia, ila huruhusiwi kupigiwa. Kwa hiyo nimebandika stempu tatu zaidi, labda posta itakimbia.

Sigve


Ofisi ya Usalama wa Safari, 3 Agosti 2018

Kwa Bwana Sigve Kvamme,

Nakuandikia kama mtu wa nyumbani wa mwanafunzi Ingvill Nesheim. Kama nilivyokueleza kwa simu, amerejea nchini tarehe 2 Agosti, hana jeraha.

Taratibu zinanitaka nikuombe maelezo kwa maandishi. Mambo yalikwenda hivi. Jumatano tarehe 25 Julai hakupiga simu ya saa kumi na mbili. Siku iliyofuata alipiga kutoka namba ya duka, ambayo haikuwa kwenye orodha yetu, akaeleza kwamba simu ya setilaiti ilidondoka mtoni alipokuwa akivusha mbuzi. Nilifungua bahasha na kumsomea swali. Alijibu: "Sigve." Nilimsomea mara ya pili. Alijibu: "Sigve."

Jibu uliloandika na kuliapia ni: "Arnfinn, baba yake."

Kwa majibu mawili yasiyolingana, kanuni hainipi hiari. Nilimshukuru kwa sauti ya kawaida, nikakata, nikaomba msaada wa ubalozi, nao wakaomba msaada wa walinzi wa mpaka. Askari walifika bondeni siku ya tatu. Imethibitika kwamba hakuna aliyekuwa akimtishia mwanafunzi.

Naomba unieleze ni lipi kati ya majibu hayo ni la kweli. Mwanafunzi ameniuliza uliandika nini. Sikumwambia. Jibu la bahasha ni mali ya aliyeliandika.

Nje ya utaratibu: hii ni bahasha yangu ya kwanza kufungua. Nakumbuka kalamu yangu haikuwa na kasoro yoyote.

Kwa heshima,
T. Aspelund


Bergen, 6 Agosti 2018

Sigve,

Nilijibu mara ya kwanza nikicheka. Nilikuwa nimetembea nusu siku kwenda dukani, nimelowa, muuzaji amenishikia simu sikioni kwa sababu vidole vyangu vilikufa ganzi, halafu Aspelund anasoma swali hilo kwa sauti yake ya mahubiri. Nikacheka nikasema jina lako. Akasoma tena. Nikalitaja polepole, nikadhani laini mbovu. Akasema, "Ahsante, tumekuelewa," akakata. Nikanunua biskuti nikarudi mlimani kwa furaha zangu.

Walikuja wanane, na silaha. Bibi Nozanin alikuwa anakanda unga. Davlat walimbana uso ukutani, mbele ya watoto wake, wakamchukua, kwa sababu mtu fulani Ulaya alisema mgeni wao ametekwa, na mwenyeji wake ndiye mtekaji. Nilipiga kelele kwa lugha zote nizijuazo. Walimwachia baada ya siku mbili. Anatembea akishika mbavu.

Nilikwenda kumuaga bibi. Hakunifukuza, angenifukuza ingekuwa nafuu. Alinimiminia chai. Kisha akakinyooshea kidole kinasa sauti, akaniomba nifute sauti yake. Yote. Nikaifuta mbele yake, Sigve, miezi miwili, akisikiliza kidogo kidogo kabla ya kila kipande kupotea. Septemba ataita, na mimi nitakuwa hapa napigwa maswali na kamati. Bonde limefungwa miaka mitatu. Hana miaka mitatu.

Barua yako ya Julai imerudishwa kutoka gulioni, imenikuta hapa. "Sema umesahau." Ulijua. Ulijua jibu langu halitalingana, ukaandika barua badala ya kumpigia Aspelund, ambaye angebadilisha bahasha kwa dakika tano.

Nina swali moja, na hili huliwekei bahasha. Uliandika nini?

Ingvill


Tuvær, 9 Agosti 2018

Ingvill,

Nimeanza barua hii mara sita. Tano za kwanza zilikuwa na vichekesho.

Niliandika "Arnfinn, baba yake." Ndilo jibu la kweli.

Mimi siwezi kuita, binamu. Sijawahi kuweza. Nikiweka kiganja shavuni inatoka sauti ya mlango. Bibi alinijaribu akanihurumia. Ule mvunjiko wa juu alikuwa nao yeye, na mwanawe Arnfinn, basi. Miaka minne ya mafua ndiyo hiyo.

Siku ile bibi na mama walipanda mlimani na watu wengine, mimi nikaachwa ukutani nisiondoke. Baba yako akaja kwa barabara ya chini. Unajua bibi alimpiga marufuku asivuke ukuta ule hadi aache pombe. Hakuuvuka. Alisimama upande wa nje, akaweka kiganja shavuni, akaita. Ingvill, aliita kuanzia saa tisa hadi giza linaingia. Kati ya wito na wito alikuwa anashika mawe kwa mikono miwili, anahema. Mwisho sauti ilikuwa inatoka na kitu kingine ndani yake, nikaogopa nikamwambia mjomba pumzika, akaniambia, "Akisikia imekoma atakaa chini." Ndivyo alivyosema. Na wewe umeniandikia kwamba ulikuwa umekaa chini.

Alikuona kabla yangu. Akajinusa koti. Akaniambia: "Sema ni wewe. Akinikuta hivi atanikimbia. Pombe ikinikauka nitamwambia mwenyewe." Akaondoka kwa barabara ileile ya chini, na wewe ukatoka ukanikumbatia mimi.

Hadi hapo sina kosa, nilikuwa na miaka tisa na niliambiwa. Kosa linaanza kesho yake, mwandishi wa gazeti alipokuja na keki ikaokwa. Nilikuwa wa mwisho darasani kwa kila kitu, unakumbuka. Ghafla mwalimu ananishika bega. Wewe unaniachia kiti cha mbele kwenye basi. Baba yako alinikuta dukani wiki ile, amenyoa, amekauka, akanitazama muda mrefu na gazeti mkononi. Akaninunulia soda. Akaniachia sifa ile.

Ndiyo maana niliandika swali lile. Nililianza kwa majivuno, ili Aspelund asome. Halafu ukaja ule mstari wa kuapa, na akasema bahasha hazifunguliwi. Nikaona hapa ndipo mahali. Niseme kweli mara moja maishani, kwenye karatasi, nisaini, na asiisome mtu. Nilitoka pale mwepesi kama mtoto. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika hadi Pamiri, ikamvunja mbavu Davlat.

Kwa nini sikumpigia Aspelund? Kwa sababu ningebaki na njia mbili, kuandika uongo chini ya kiapo au kukwambia wewe. Nikachagua stempu.

Nimemwandikia Aspelund leo. Nimemwambia wewe hukukosea, jibu lako ndilo ulilofundishwa, na kwamba kamati ikitaka kumfungia mtu bonde imfungie Sigve Kvamme. Nimemwandikia Davlat pia, kwa maneno rahisi, nitafutie wa kuyatafsiri. Kopo la picha limo kwenye kifurushi hiki.

Ulidhani nimemaliza. Na mimi nilitaka kumaliza hapa.

Januari ile baba yako alipolazwa, nilikwenda kumwona Jumamosi, kwa sababu mama alinilazimisha. Hakuwa na sauti, ilikuwa imebaki pumzi tu. Akaniashiria nisogee. Akaniuliza kama nilishakwambia. Ile ya ukuta. Miaka yote hakuniuliza, akaniuliza siku hiyo.

Ningeweza kusema hapana, nikakupigia palepale, na kivuko cha saa kumi kilikuwepo. Alikaa hai hadi Jumanne.

Nikamwambia ndiyo, mjomba, nilimwambia zamani.

Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Akasema, "Basi anajua, na hajaja." Nami nilikuwa nimekaa pale na kofia mkononi, nikamwacha aamini hivyo. Jumatano ulipiga ukaniuliza uje mazishini au usije, nikakwambia usijisumbue, hakuwahi kutoka kukutafuta.

Sigve